Kuvuna Chachu Katika Tangi la Pia

Miongoni mwa vitu vyote vitumiwavyo na mtu apikaye bia nyumbani kwake, kimea cha shayiri huisha, hopsi huisha, na maji hunywewa pamoja na bia yenyewe. Lakini chachu, ambayo kwa uzani wake aghalabu ndiyo iliyonunuliwa ghali kuliko vyote, haiishi, bali huzaa, na mwisho wa kazi huwa imeongezeka mara tatu, nne au hata tano kuliko ilivyotiwa, ikalala chini ya tangi ikingojea ama kutunzwa ama kumwagwa mferejini. Wengi huimwaga. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wale wasiopenda israfu hiyo, na hasa kwa wale waliokwisha kununua tangi lenye kitako cha pia, wakaambiwa na muuzaji kwamba kuvuna chachu ni kufungua koki tu na kukinga chupa. Kufungua koki ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua ni chachu ipi katika hiyo iliyolala chini istahiliyo kuchukuliwa, na ni siku gani.

Kabla sijaendelea, yanipasa kusema mambo mawili. La kwanza ni kwamba wako miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, tena wengi, ambao kileo kwao ni haramu. Hao siwaiti katika kazi hii, nao watanisamehe nikizungumza na wengine. La pili ni la sheria. Nchini Uingereza mtu alihitaji leseni ili apike bia nyumbani mpaka mwaka 1963, serikali ilipoiondoa. Na nchini Marekani bia ya nyumbani haikuwa na ruhusa ya serikali kuu mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mwezi wa Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979, ikimruhusu mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, maadamu bia hiyo haiuzwi. Na hata hivyo majimbo ya Alabama na Mississippi hayakuridhia mpaka mwaka 2013. Kwetu Afrika Mashariki kanuni za pombe za nyumbani ni nyingine, na ni wajibu wa kila mtu kuuliza kabla hajawasha moto.

Kutwaa chachu ya bia iliyopita na kuitia katika bia ijayo si ugunduzi wa leo. Wapikaji wa pombe wa kwetu wamezoea tangu kale kutia sira ya jana katika mtungi wa leo. Wakulima wa magharibi ya Norwe waliikausha chachu yao, waiitayo kveik, juu ya pete za mbao, wakairithisha watoto wao. Na wapikaji wa Kiingereza waliiengua juu ya mapipa, kwa kuwa chachu zao zilikuwa na desturi ya kupanda badala ya kuzama. Mambo mawili yaliigeuza kazi hiyo. Kwanza, mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kuitenga chachu safi iliyotokana na chembe moja tu, na tangu hapo mpikaji akaweza kujua ni chachu gani aliyo nayo mkononi. Pili, mwanzoni mwa karne ya 20, Leopold Nathan alibuni tangi lililofungwa, lenye kiwiliwili cha silinda na kitako cha pia, ambamo chachu huzama yenyewe mpaka nchani na kutolewa kwa chini bila ya bia kuguswa na hewa. Viwanda vilichukua miaka mingi kulikubali tangi hilo, lakini vilipolikubali havikurudi nyuma. Na leo limepunguzwa kimo hata likawa la lita 25 au 50, la chuma cha pua au la plastiki, likasimama katika gereji na majiko ya watu wa kawaida.

Tangi la namna hii aghalabu huwa na koki mbili: moja nchani kabisa, ya kutolea mashapo na chachu, na nyingine ubavuni, juu kidogo ya pia, ya kutolea bia iliyotakata. Ubavu wa pia huwa na mwinamo mkali kwa makusudi, maana chachu ni nzito na ina ulimbo, nayo isipopewa mteremko wa kutosha hujishikiza ukutani ikakataa kushuka. Hayo ndiyo yote yapasayo kujulikana kuhusu chombo. Yaliyomo ndani yake yanahitaji maneno mengi zaidi.

Chachu haizami yote kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hailali chini ikiwa kitu kimoja. Tabaka la chini kabisa ni mchanganyiko wa mashapo yaliyotoka jikoni, yaani protini zilizoganda wakati wa kuchemsha na mabaki ya hopsi, pamoja na chembe za chachu zilizokufa mapema na zile zilizochoka upesi zikashikamana na kuzama kabla ya wenzao kumaliza kazi. Tabaka la juu kabisa, linalogusana na bia, ni la chembe zisizopenda kuzama, zilizoelea hata siku ya mwisho. Katikati ya hayo mawili ndimo ilimo chachu iliyofanya kazi yake kwa ukamilifu, ikala sukari iliyostahili kuliwa, kisha ikashuka kwa wakati wake. Tabaka hilo hutambulikana kwa macho: hupauka likawa jeupe lenye umanjano kidogo, huwa laini na zito, wala halina chembechembe za kahawia wala majani ya kijani yaonekanayo katika lile la chini.

Sasa mtu achukuapo chachu kwa ajili ya bia ijayo huwa, apende asipende, anachagua. Ni kama mkulima aliyesimama mbele ya rundo la mahindi akitenga ya mbegu: akichukua yaliyo karibu na mkono wake kwa sababu tu yako karibu, shamba lake la mwaka ujao litamwonyesha uvivu wake. Akikinga chupa tangu koki inapofunguliwa, akatwaa lile tabaka la chini, atakuwa amechagua chachu zizamazo mapema, na baada ya kurudia hivyo mara chache ataona bia zake zinaacha sukari nyingi, zinakuwa tamu kupita alivyokusudia, na haidromita, yaani kile kipimo cha sukari iliyomo katika bia, inakataa kushuka pale iliposhuka zamani. Akingoja mpaka mwisho kabisa, akatwaa lile la juu, atakuwa amechagua chachu ziogopazo kuzama, na bia zake zitakuwa kavu na zenye ukungu usiotakata hata zikiwekwa baridini kwa majuma. Watu wengi hulaumu kimea, au maji, au kampuni iliyowauzia chachu, ilhali aibu ni ya mkono ulioshika koki.

Kwa hiyo kazi ya kuvuna huanza mapema kuliko watu wadhanivyo. Siku moja baada ya kutia chachu, na kabla povu halijapamba moto, fungua koki ya chini kidogo tu, utoe mashapo ya jikoni yaliyokwisha tua. Yatatoka mazito, ya kahawia au ya kijani, na ukiona yanaanza kupauka, funga. Usiwe mchoyo wala usiwe badhiri katika hatua hii. Kila kijiko cha mashapo kitolewacho siku hiyo ni kijiko ambacho hakitachanganyika na chachu baadaye, lakini chachu itokayo siku hiyo ni ile iliyohitajika kufanya kazi. Mwenye tangi la plastiki lenye chupa ndogo ya kukusanyia iliyofungwa nchani, kama yalivyo mengi ya bei nafuu, atafunga koki, aifungue chupa hiyo, aisafishe na kuitakasa, kisha airudishe. Na kabla ya kuirudisha aijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, maana akiirudisha ikiwa tupu, hewa iliyomo itapanda yote kupitia katikati ya bia, na hewa ni adui wa bia iliyokwisha kuchachuka.

Baada ya hapo liache tangi na kazi yake. Haidromita itakapokuambia kitu kile kile kwa siku mbili au tatu mfululizo, na bia isipokuwa na ladha ya siagi, ambayo ni dalili kwamba chachu haijamaliza kufagia nyumba yake, ndipo uteremshe joto. Kwa bia nyingi ziitwazo eli, zilizochachuka katika nyuzi 18 hadi 22 za Sentigredi, ishushe mpaka nyuzi 4 au chini kidogo, ungoje siku moja au mbili, na chachu itazama. Lakini kama umekusudia kutia hopsi tena katika bia baada ya kuchachuka, kama wafanyavyo wengi siku hizi kwa ajili ya harufu, basi hapana budi uvune kabla ya kuzitia, kwa kuwa chachu iliyochanganyika na majani ya hopsi hubeba uchungu na takataka, wala haina njia nyepesi ya kutenganishwa nayo. Wanaozifahamu bia za namna hiyo hushusha joto nusu ya njia tu, mpaka nyuzi 14 hivi, kwa siku moja. Sehemu kubwa ya chachu hushuka, wakaivuna, kisha wakatia hopsi zao katika bia iliyobaki na chachu chache.

Ikiisha kuzama, usiiache. Hapa ndipo matangi ya pia yanapowadanganya wenyewe, kwa kuwa kila kitu kimefichika ndani ya chuma na hakuna kinachoonekana kuharibika. Chachu iliyorundikana nchani hujikinga na baridi ya tangi kwa unene wake, ikabaki na joto ndani ya rundo ilhali kipimajoto cha ubavuni kinasema baridi. Fauka ya hayo, hulemewa na uzito wa bia yote iliyo juu yake, na huwa imezungukwa na kileo bila ya chakula. Chembe zikifa katika hali hiyo hujimeng'enya zenyewe, zikamwaga yaliyomo ndani yake katika bia, na ladha yake ni ya nyama iliyochemshwa au ya mchuzi uliolala. Siku mbili tatu baada ya kuzama ni wakati mwafaka wa kuvuna. Juma zima ni kuchelewa.

Siku ya kuvuna, andaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko chake, uvichemshe majini kwa dakika 15 au zaidi, uviache vipoe vikiwa vimefunikwa. Mdomo wa koki, ambao umekaa kwa majuma ukiwa na masalio ya mashapo ya mwanzo, ndio mlango mkuu wa bakteria, nao husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Usugue kwa brashi, uuoshe kwa maji ya moto, kisha uunyunyizie alkoholi ya asilimia 70 ndani na nje, uache ikae dakika kadhaa. Nyunyizia mikono yako pia. Funga dirisha na uzime feni, kwani vumbi la jikoni, hasa vumbi la kimea kilichosagwa, limejaa bakteria wa uchachu.

Kisha tazama juu ya tangi. Kila kikombe kitokacho chini lazima nafasi yake ichukuliwe na kitu fulani, na kama juu pana kile kifaa chenye maji cha kupumulia, maji hayo yatafyonzwa yaingie katika bia, yakifuatwa na hewa. Mwenye mtungi wa kaboni dioksidi auunganishe na kuupa shinikizo dogo mno, kiasi cha kujaza pengo tu, kwa sababu matangi mengi ya nyumbani hayakuundwa kustahimili shinikizo. Asiye na mtungi na aondoe yale maji, aweke pamba iliyotakaswa kwa alkoholi, avune kwa utaratibu.

Na utaratibu huo ndio roho ya kazi. Ukifungua koki kwa ghafula, chachu iliyo katikati ya pia itachimbika tundu, bia iliyo juu itapita katika tundu hilo, na wewe utaona chupa yako inajaa maji membamba ilhali chachu nzito imebaki ukutani kama ilivyokuwa. Fungua kidogo, kiasi cha kutoa uji mzito usiokimbia. Kikombe cha kwanza, chenye rangi ya kahawia, kimwage. Rangi ikipauka, kinga chupa. Mtiririko ukigeuka ukawa mwembamba, funga, gonga ubavu wa pia taratibu kwa nyundo ya mpira au kiganja cha mkono, ungoje nusu saa, ufungue tena. Itakapoanza kutoka bia yenye ukungu badala ya uji, mavuno yamekwisha, hata kama unaona bado chupa ina nafasi.

Chupa yenyewe isijazwe kupita nusu yake. Chachu iliyotoka tangini imebeba kaboni dioksidi, nayo itafura na kutoa povu hata ndani ya jokofu. Na kifuniko kisikazwe kwa nguvu hata siku moja, bali kilegezwe kiasi cha kupumua, kwa kuwa chupa ya kioo iliyofungwa juu ya chachu hai yaweza kupasuka na kumjeruhi mtu afunguaye jokofu. Andika juu yake jina la chachu, bia iliyotoka, tarehe, na idadi ya vizazi vyake. Iweke katika nyuzi 1 hadi 4, mbali na ukuta unaogandisha.

Watu hubishana sana kama chachu ioshwe kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kuwekwa. Rai yangu ni kwamba isioshwe. Bia iliyobaki juu ya chachu ina kileo, ina uchungu wa hopsi, na ina uchachu wa kadiri, na vitu hivyo vitatu vyote huwazuia bakteria. Ukivimwaga ukaweka maji matupu mahali pake, umeiondolea chachu nguo yake kwa tamaa ya kuiona nyeupe. Ama ile desturi ya viwanda ya kuiosha kwa asidi mpaka pH ya 2 na zaidi kidogo, katika baridi kali na kwa muda uliopimwa, ni kazi ya wenye maabara, wala haiifufui chachu iliyougua. Mwenye jiko la kawaida na aiache.

Si kila bia istahiliyo kuvunwa. Bia kali, ambayo maji yake ya kimea yalizidi 1.065 hivi katika haidromita, huiacha chachu imechoka kwa kileo. Bia chungu mno huiacha imefunikwa na utomvu wa hopsi. Na bia iliyochachuka polepole, au iliyokwama, au iliyo na ladha usiyoielewa, itakupa chachu yenye kasoro ile ile. Vuna katika bia nyepesi, yenye uchungu wa wastani, iliyokwenda vizuri, kisha panga mapishi yako yapande ngazi: kutoka nyepesi kwenda nzito, kutoka ya rangi ya dhahabu kwenda nyeusi, na wala si kinyume chake. Chachu za bia ya ngano ya Kijerumani ni mlango mwingine kabisa, kwa maana hizo hupenda kupanda juu na kuelea, na mwenye kuvuna zile zilizozama chini hujikusanyia wale wachache wasiofanana na ukoo wao.

Kuhusu kiasi, wengi hukosea kwa kukisia. Kanuni itumiwayo sana ni chembe milioni 0.75 kwa kila mililita na kwa kila digrii ya Plato kwa eli, na maradufu ya hizo kwa laga, ambayo huchachuka katika baridi. Lita 20 za maji ya kimea ya digrii 12, yaani 1.048 katika haidromita, zitahitaji basi chembe bilioni 180. Na kwa kuwa mililita moja ya chachu nzito iliyotuama aghalabu huwa na chembe kati ya bilioni 1 na 2, baadhi yake zikiwa zimekufa, mililita 150 hadi 200 zatosha kwa eli, na 300 hadi 400 kwa laga. Mavuno yako yatakuwa mengi kuliko hayo, wala haipasi kuyamimina yote. Mwenye hadubini na rangi ya methilini buluu aweza kuhesabu kwa hakika, kwani chembe zilizokufa huingia rangi ya samawati na zilizo hai hazikubali. Hadubini ya shule inatosha, nami naiona ni ununuzi wa busara kuliko nyingi ya zana zing'aazo zinazouzwa kwa wapikaji.

Itumie ndani ya juma moja ikiwezekana. Ikifika majuma mawili, sehemu yake kubwa imedhoofika, na ni salama zaidi kuiamsha kwanza katika lita moja au mbili za maji matamu ya kimea, uone kama inatoa povu, kabla ya kuikabidhi bia nzima. Kumbuka pia kwamba chachu kavu ya pakiti huja imeshiba mafuta iyahitajiyo kutoka kiwandani, lakini watoto wake waliovunwa hawana akiba hiyo, kwa hiyo maji ya kimea utakayowatilia yapaswa kutikiswa au kupulizwa oksijeni vema mwanzoni.

Viwanda huiendeleza chachu moja kwa vizazi vipatavyo 10, vikiwa na wataalamu wa kuichungulia kila mara. Nyumbani, vizazi vitano au sita ni kiasi cha haki, na bei ya pakiti mpya, ambayo Marekani yaweza kuzidi dola 10, si kubwa hata mtu aihatarishe bia ya lita 20 kwa ajili yake. Kabla ya kila matumizi fungua chupa na uinuse. Harufu ya mkate na ya bia changa ni njema. Ukikuta harufu ya siki, ya mpira ulioungua au ya nyama iliyovunda, au ukaona utando juu yake, usiionje wala usiijaribu katika bia ndogo: imwage siku hiyo hiyo, chemsha chupa, sugua koki ya tangi upya, na ununue chachu nyingine.